Jani Lililoliwa Milango Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mke, kaka watatu, misumeno kumi na mmoja, na daktari aliyenikataza tumbaku ambaye yeye mwenyewe hakuvuta hata siku moja. Mwalimu wa darasa la watu wazima, aliyesema herufi zangu ni kama kuku aliyekanyaga tope, naye ameshakwenda. Herufi bado zipo. Naandika kwa penseli ya useremala, kwenye daftari nililopewa kliniki ili niandike presha. Presha yangu ni yangu. Humu nitaandika ninachotaka.

Mimi ni mchonga milango. Sisemi mmoja wa wachonga milango. Chapa yangu ya chuma, duara lenye jani katikati, haijawahi kuchomwa kwenye ubao ambao sikuuchonga mimi, tangu mti wa kwanza mpaka leo.

Leo mvua imeanza. Mwanangu naye kaingia na habari, miguu imejaa tope, sakafu nimefagia sasa hivi.

"Baba, tumepata wodi mpya ya wazazi. Milango ishirini. Inatakiwa ifungwe mvua zikiisha."

"Tumepata nani na nani?"

"Mimi na wewe. Nimewaambia ni kazi ya mkono wako. Wanataka na chapa yako."

"Mkono upi? Huu?" Nikamnyooshea. Tangu mwaka jana unatikisika wenyewe, hata nikiukalia.

"Wewe utaweka chapa tu, Baba. Kuchonga itachonga mashine."

Hiyo mashine inaongozwa na kompyuta. Mimi naiita Mchwa. Ina sauti ya mtu anayetafuna kucha za watu wengine.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mchwa ametafuna kutwa nzima. Chai ina unga wa mbao.

Alhamisi, 6 Machi

Wameng'oa mlango wa chumba changu cha kulala. Niliuchonga mwaka niliooa. Mwanangu kaulaza mezani, kaumulika kwa kitaa cha kompyuta juu mpaka chini kama anatafuta chawa. Anasema kompyuta imeshaujua. Nimeishi na mlango ule miaka hamsini na mbili, na sijathubutu kusema naujua.

Mkewe, tunayemwita Mama Pacha, alikuwa pembeni na kipande cha msasa. Kazi yake ni kusugua na kupaka vanishi. Anasugua polepole mno, huku anaimba chinichini. Mtu wa kuimba akisugua hajui anachosugua.

Leo nimelala bila mlango, kama ng'ombe.

Jumanne, 11 Machi

Nimechefukwa.

Mlango wa kwanza ulitoka jana. Nilitaka kuusifu, Mungu ananiona, kwa ajili ya amani ya nyumba. Ua la katikati liko sawa. Matawi sawa. Nikapiga magoti, nikatazama tawi la kushoto, jani la tatu kutoka chini, na jani lilikuwa limeliwa pembeni. Kama langu. Pengo la mdudu, lenye ukingo wa meno madogo madogo. Nikasema haya.

Leo ukatoka wa pili. Tawi la kushoto, jani la tatu, pengo lile lile. Meno yale yale, nimeyahesabu, tisa na tisa.

Nikatema mate mlangoni mwa karakana. Mwanangu akazima Mchwa.

"Kuna nini tena, Baba?"

"Ni mdudu gani huyu anakula jani moja katika miti ishirini?"

"Si saini yako hiyo? Kila mtu mjini anajua jani lako lililoliwa."

"Katika maisha yangu nimechonga milango mia tatu na kitu. Kila mlango jani lake. Hapa juu, pale chini, mwingine nimelificha nyuma ya bawaba, mwenye nyumba kaja kuliona baada ya miaka sita, kanikimbilia barabarani kuniambia! Wewe umemchukua mdudu wangu ukamfanya mhuri."

"Baba, watu hawatazami jani."

Nilitoka mvuani bila kofia. Bora maji.

Jumatano, 12 Machi

Sina la kuandika. Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa Kinyozi, ng'ambo ya barabara. Tumetaniana tangu yeye ana nywele. Nikamweleza. Akanishika kichwa kama tikiti maji.

"Tulia, wembe huu. Sasa wewe mzee, fikiri. Mwanamke amebanwa na uchungu, anamwita mama yake, anamtukana mumewe. Atatazama jani?"

"Huyo ndiye atakayetazama. Mtu mwenye haraka anaona mlango. Mtu anayesubiri anaona kila kitu. Wewe ulipolazwa na mguu, hukuniambia mwenyewe kwamba darini kulikuwa na misumari arobaini na mmoja, na mmoja umepinda?"

"Arobaini na miwili."

"Basi."

Akafuta wembe. Nikaendelea, maana nilikuwa nimepata moto. Ukitaka kujua kama fundi ana kitu kichwani, usitazame ua kubwa. Ua kubwa kila mtu atalichonga, hata kwa kuambiwa. Tazama pale kikonyo kinapoingia kwenye jani. Tazama mahali ambapo hakuna aliyemwomba aweke kitu. Jani zima ni la picha. Jani lililoliwa ni la mti.

"Hilo wazo ulilitoa wapi?" akaniuliza.

"Nilikaa chini ya mti nikatazama. Kichwa changu tu."

"Kichwa hiki?" akakipiga kofi. "Mbona nakinyoa kila mwezi na sijaona kitu?"

Jumatano, 19 Machi

Matroni wa wodi alikuja kukagua. Mwanamke mrefu, sauti ya king'ora. Akapita mbele ya milango mitano na mwavuli unadondosha maji juu ya vanishi.

"Safi sana! Yote sawasawa! Mzee, mkono wako haujazeeka."

Sawasawa. Kama anasifia vikombe.

"Na chapa utaweka lini, mzee wetu?"

"Siweki," nikasema.

Mwanangu akacheka kicheko cha kuniombea radhi. Ndicho kilichonichefua kuliko yote. Matroni akasema mkataba unataja chapa. Bila chapa hapokei mlango hata mmoja, na wodi haitafunguliwa ikiwa na mapazia badala ya milango.

Wakati wanasindikizana, chuma cha chapa nimekificha chini ya godoro. Waje wanigeuze.

Ijumaa, 21 Machi

Patasi yangu ndogo haipo. Naiita ya kucha, maana upana wake ni wa ukucha wa mtoto mchanga. Mpini umelika ukaingia umbo la kidole gumba changu. Nimetafuta.

Jumatatu, 24 Machi

Patasi haipo. Nimemuuliza mwanangu, anasema haitumii, mashine ina vyake. Kinyozi anasema labda nimeimeza. Mama Pacha alikuwa anasugua mlango wa nane, hakuinua kichwa. Kutwa nzima kwa mlango mmoja! Anayafuta makali yote ya majani na huo msasa wake, najua. Nyumba hii ina Mchwa mmoja anayetafuna na mwanamke mmoja anayelamba.

Jumanne, 25 Machi

Patasi haipo. Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Paa la karakana limeanza kuvuja. Milango iliyokamilika, kumi na mbili, imehamishiwa sebuleni, imesimamishwa ukutani kwa mpangilio wa namba. Mimi nina kikohozi, nimewekwa kwenye kiti katikati yake. Nimezungukwa na aibu yangu pande zote. Nimegeuzia kiti dirishani.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nitaandika mpaka penseli iishe.

Mchana umeme ulikatika. Mchwa akanyamaza. Mwanangu alikwenda kutafuta mabati, Mama Pacha kuwapokea pacha shuleni. Mvua ilikuwa inapiga kama mtu anayemwaga maharage kwenye sinia. Nikachoka na dirisha. Nikageuza kiti.

Nikaona mlango wa kwanza na wa nne kwa pamoja, kwa mwanga wa pembeni, na mwanga wa pembeni haufichi kitu. Pengo la mlango wa nne lilikuwa kubwa.

Nikadhani ni macho. Nikasogea. Wa kwanza, meno tisa, kama langu. Wa pili, meno tisa, na mengine mawili. Wa tatu, kumi na matano. Wa nne, nusu ya jani haipo, na kwenye ukingo pale, mshipa wa jani umechongwa ukatunishwa ukawa na mgongo, na mgongo una mikunjo. Kiwavi. Mimi miaka hamsini na mbili sikuwahi kumwonyesha mwenyewe, nilionyesha alipopita tu.

Hasira ilinipanda hata kikohozi kikakata. Mtu ameshika kazi yangu! Halafu nikakumbuka kwamba si kazi yangu, ni ya Mchwa, na hilo likanikasirisha zaidi.

Nikaenda kwa magoti, mlango kwa mlango. Wa tano, jani limebaki mbavu. Wa sita, kiwavi anavuka kikonyo, amejikunja katikati kama wanavyojikunja. Wa saba, yuko jani la pili, amenenepa. Wa nane, nikaona vitone chini ya jani. Vidogo, kama ncha ya sindano, vitatu, vimezama kwenye mbao. Nikaona ni dosari. Nikaingiza kucha. Havikuwa dosari, vilikuwa na duara. Nikakaa sakafuni.

Yalikuwa mavi.

Nimechonga jani lililoliwa mara mia tatu na kitu, nimejisifu nalo harusini na misibani, na haijanipitia hata siku moja kwamba anayekula anakunya. Mtu huyu amemtazama kiwavi. Mimi nilitazama jani tu, na kama ningekuwa mkweli, hata jani sikulitazama sana.

Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kinyaa cha leo kilikuwa cha mtu niliyezoea kumsifu: mimi mwenyewe.

Wa tisa, wa kumi, anapanda. Wa kumi na moja amejining'iniza. Wa kumi na mbili, lile chipukizi la ua lililofumba, ambalo Mchwa hulitafuna kila mlango bila kujua ni la nini, limekwanguliwa likawa kifukofuko, ala anamojifunga kiwavi kabla hajageuka. Hakuongeza ubao, hakupachika kitu. Alichukua kilichokuwepo akakiona kingine.

Alama za kukwangua zilikuwa nyembamba. Upana wa ukucha wa mtoto mchanga.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilimkuta Mama Pacha uani anaanika nguo chini ya kibaraza.

"Nipe patasi yangu."

Akachelewa kidogo, kisha akaitoa kwenye mfuko wa aproni. Imenolewa. Imenolewa vizuri, na hilo naliandika kwa shida.

"Samahani, Baba. Niliogopa kuomba."

"Ungeomba ningekataa."

"Ndiyo maana niliogopa."

"Nani kakufundisha viwavi?"

"Bustani yangu inaliwa kila mwaka. Nimewatazama wale kuliko ninavyomtazama mwanao."

"Na mumeo anajua?"

"Anajua napaka vanishi." Akabana nguo ya pacha kwenye kamba. "Baba, nilipokuwa na uchungu wa hawa wawili, wakunga walinisimamisha. Tembea, mama, tembea. Nikatembea korido ya wodi ya zamani kwa muda wa saa saba, nenda rudi. Milango yote mamoja, nyeupe. Nikawa sijui kama nimekwenda au nimerudi. Nikalia kwa sababu ya milango, si kwa sababu ya uchungu. Basi nilipoona pengo lako linarudi pale pale, likanikumbusha. Nikasema, huyu mdudu angalau atembee na hao wenye uchungu."

Nikapima patasi kwa kidole gumba.

"Makali ya majani nilidhani unayafuta," nikasema.

"Nayarudisha. Mashine inayaacha butu."

Patasi nikamrudishia. Nikamwambia ni ya kuazima.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Nimemwonyesha namna ya kuegemeza kiwiko. Alikuwa anaegemeza vibaya.

Jumatano, 9 Aprili

Mwanangu ameona. Alipiga kelele nyumba nzima. "Matroni alisema sawasawa! Atairudisha yote! Na Baba naye mnashirikiana?" Nikamwambia yeye ni mtu wa kumulika chawa, akae kando. Mkewe alipuliza vumbi kwenye mlango wa kumi na tano, kifukofuko kimeanza kupata rangi nyeusi. Kwa vanishi tu, tabaka tatu pale na moja kwingine. Nani angefikiria.

Ijumaa, 18 Aprili

Umebaki wa ishirini, mlango wa chumba cha kujifungulia, mwisho wa korido. Tukakaa mbele yake, Mama Pacha na mimi. Nikasema, haya, sasa kipepeo, mabawa mawili, tumalize. Kisha nikajisikia kinyaa palepale. Kipepeo! Kila kadi ya harusi ina kipepeo, kila pazia la plastiki. Nikafikiri, nikasema: tuchonge kifukofuko kilichopasuka, kitupu. Aliyetoka hayupo mlangoni. Yuko ndani, analia.

Wazo langu hilo. Liandikwe.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimesoma niliyoandika jana na nimechefukwa kuliko siku ya Mchwa.

Sikusema mimi. Mimi nilisema kipepeo, na nikanyoosha mikono kuonyesha mabawa. Yeye ndiye aliyekunja uso. Yeye ndiye aliyesema kitupu, na yeye ndiye aliyesema yuko ndani analia. Mimi nilikohoa. Kufika chumbani likawa langu. Sikuona hata lilipovuka.

Sasa nataka kuandika kitu kingine, na nataka kukiandika kabla usingizi haujanichukua.

Mlango wa chumba changu, tawi la kushoto, jani la tatu. Sikukaa chini ya mti wowote. Patasi iliteleza. Nilikuwa kijana, najionyesha kwa mke mpya, natazama kama ananitazama, na kipande cha jani kikaruka. Nikatukana. Nikataka kuupasua mlango kwa shoka. Yeye alikuwa amekaa kizingitini anashona kifungo cha shati langu. Hakuinua hata macho.

"Mwekee mdudu," akasema. "Sema limeliwa." Akakata uzi kwa meno.

Ndiyo hivyo tu. Watu walipoanza kusifu, nilisema ni langu, mbele yake. Alikuwa akicheka, anaongeza chai. Miaka arobaini aliongeza chai. Na hii chapa yangu ya chuma, duara lenye jani, inayojidai haijawahi kuchomwa kwenye kazi ya mtu mwingine, haijawahi kuchomwa kwenye kitu kingine ila wazo lake.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua inapungua. Kifukofuko cha mwisho nimechonga mimi. Nilitaka. Mama Pacha alishika kifundo cha mkono wangu ili kitulie, lakini hakikutulia, na mpasuko ukatoka na mikwaruzo midogo pembeni. Nikauliza tusugue. Akasema, "Acha. Aliyetoka alihangaika."

Nimetoa chuma chini ya godoro. Nimechoma chapa kwenye mlango wa ishirini peke yake, maana huo ndio nilioushika, na hata huo si wote. Nikamwambia Mama Pacha, kumi na tisa ni yako, tafuta chapa. Akafikiri. Akapasha msumari moto akachoma kwenye kila mlango, kona ya chini, vitone vitatu.

Mavi ya kiwavi. Ndiyo chapa yake. Kinyozi alipoambiwa alilazimika kukaa kwenye kiti cha mteja.

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Leo milango inafungwa wodini. Matroni alipita korido na karatasi. Mlango wa nne akasimama. Wa nane akasimama zaidi.

"Hii imeliwa. Hii si sawasawa na ule niliouona. Na chapa iko wapi?"

Mwanangu akafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikasema kwa sauti, wafunga bawaba wote wakasikia: "Kuchonga imechonga mashine ya mwanangu. Akili ni ya mke wake, huyu hapa. Chapa yake ni vitone vile. Yangu iko mlango mmoja. Tulikudanganya, mama, na mimi nimechoka na hiyo kazi."

"Basi mtaing'oa," akasema.

Mama Pacha akaanza kukusanya vitambaa vyake. Hakulia. Afadhali angelia.

Kulikuwa na muuguzi pale anapanga mashuka, tumbo limefika mwisho, mkono kiunoni. Nadhani alikuwa anatembea tu ili mgongo ulegee. Akapita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudi wa pili. Akainama alivyoweza. Akaenda wa nne, akasema "ahaa" peke yake. Wa nane akaweka kidole kwenye vitone, akatuangalia.

"Huyu amekunya!" akasema, na akacheka mpaka akashika ukuta.

Akaendelea mpaka mwisho. Mlango wa ishirini alisimama muda mrefu, akagusa mpasuko. Hakucheka. Akauliza, "Mbona hayumo?"

Mama Pacha akamwangalia tumbo. Muuguzi naye akajiangalia.

Matroni alikunja karatasi yake. Akasema bawaba za mlango wa sita zinalia, zitiwe mafuta. Ya kung'oa hakuyataja tena. Mafundi wakaendelea kufunga.

Mwanangu bado nimemkasirikia, maana njiani alisema wazo la kiwavi ataliweka kwenye kompyuta. Nikatema mate dirishani.

Jumanne, 6 Mei

Daftari limebaki ukurasa, na kliniki watauliza presha.

Asiyeamini haya aende kwa Kinyozi, ng'ambo ya barabara. Ataongeza chumvi, lakini kiwavi atamkuta. Amuulize muuguzi, nasikia amejifungua jana jioni, msichana. Amuulize Mama Pacha. Huyo ataficha sehemu yake, kwa hiyo asimwamini sana.

Kuhusu jani la kwanza, aje chumbani kwangu, mlango umerudishwa. Tawi la kushoto, jani la tatu. Apitishe kucha ndani ya pengo, atahisi mahali chuma kilipoteleza, chini kabisa, ambapo sikuweza kupafuta. Aliyesema "mwekee mdudu" hawezi kuulizwa tena. Alikuwa amekaa pale kizingitini, na uzi mdomoni. Mimi nilikuwepo. Nathibitisha.